Koti la Bibi wa Polandi

Mkitaka kucheka, chekeni sasa hivi, maana mbele hakuchekeki. Haya yamenipata mwenyewe, mchana kweupe, hapa ugenini kusini, mtaani Rosettenville, ndani ya duka langu la ushonaji. Mimi ni mtu wa Tanga. Nasema hivyo kwa sababu nimeambiwa.

Aliingia bibi wa Kizungu, mkongwe, amevaa koti zito la sufu na jua la Desemba linachoma. Kifungo cha kifuani kimekatika. "Shona," akasema, hata salamu hakuna. Nikamwambia avue. Akakataa. Askari walimvua mara moja huko kwao Polandi, akasema, na hatavuliwa tena.

Sasa, fundi yeyote aliyefunzwa akafunzika anajua nguo haishonwi mwilini mwa mtu. Lakini nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimeshakata tiketi ya basi kwenda kumwona mama yangu, miaka mingi hatujaonana, na huyu bibi ananipandisha hasira. Nikachukua sindano. Yeye akaokota kipande cha uzi mezani, akakiweka kati ya meno. Nikamwuliza cha nini.

"Ili usinishonee kumbukumbu zangu ndani ya koti," akasema. "Kwetu kila mtu anajua."

Nikacheka. Eish, laiti ningejua.

Nashona, naye anasimulia kijiji chake, uzi uko mdomoni. Kanisa la mbao lililochomwa na Waswidi. Tauni. Wafalme waliogawana mashamba ya wanakijiji. Wajerumani walivyowapanga mafundi cherehani kando ya bwawa. Na hasemi alisimuliwa, anasema aliona. Hiyo ni miaka mia mingapi, jamani? Niliogopa, niaminini, lakini mkono ulikataa kuacha kushona.

"Leo hakuna anayeishi kule," akasema. "Kijiji kinataka watu. Kila fundi huniachia kumbukumbu za kwao, akabeba za kwetu."

Akanitazama kwa chuki, akaukata uzi wa sindano kwa meno, akatoka. Nikamkimbilia hadi kwenye robot, pale taa za barabarani. Barabara nyeupe, hakuna mtu.

Sikuelewa mpaka niliposhuka Tanga. Nilikaa stendi siijui njia hata moja, pasipoti mkononi inasema nimezaliwa pale. Mtu mmoja akanitambua, akanipeleka hadi mlangoni. Akatoka mama mzee, mikono wazi, anacheka na kulia.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mama. Namtafuta mama yangu."

Ile mikono ilishuka taratibu. Mpaka leo akinipigia simu anaanza kwa kujitambulisha, na mimi naitikia kwa adabu kama mgeni. Nikifumba macho naona theluji, bwawa, kanisa linawaka, na watu wa kule nawajua kwa majina yao. Nawachukia wote.

Kwa hiyo wewe unayeshika sindano, nisikilize. Mteja akikataa kuvua, mfukuze, hata awe bibi kizee. Ukishindwa kumfukuza, ng'ata uzi wewe kwanza.