Drina Mbili

Kampuni ya dawa ya Kragujevac ilipomezwa na ile ya Belgradi, Ljubinka Perišić aliambiwa waziwazi: mafundi wa mtandao ni wawili, nafasi ni moja. Umri umeshakwenda, mume hana kazi. Nani angemwajiri tena? Basi akajifanya mwepesi. Wakubwa wapya hawajamaliza kusema, yeye ameshatekeleza.

Safari hii walitaka mitandao miwili iwe mmoja. Sasa mafundi wa nchi ile wana ugonjwa wao, kila mashine lazima ipewe jina la mto. Kragujevac walikuwa na Drina, iliyopima joto la chumba cha baridi cha insulini. Belgradi nako kulikuwa na Drina, kazi ileile. Kompyuta ikitajiwa jina huuliza mahali pamoja kwanza mashine hiyo ni ipi. Ikikosa jibu ndipo huuliza kwingine. Ljubinka akaziamuru zote zianzie Belgradi. Hakukagua kama kuna majina yanayogongana. Haraka jamani, haraka!

Ijumaa jioni mtambo wa baridi wa Kragujevac ukafa. Milisav, mtunza ghala, alishinda mbele ya skrini wikendi nzima, mlango wa chumba cha baridi umefungwa kama sheria inavyotaka. Kila akiita Drina anaona nyuzi nne, safi kabisa. Kumbe anajibiwa na Drina ya Belgradi! Jumatatu alipofungua, hewa ya vuguvugu ikampiga usoni. Insulini ya wilaya nzima ikatupwa, na hospitali zikabaki kupiga simu.

Ljubinka aliijua sababu kabla hajamaliza kahawa ya asubuhi. Akabadilisha jina la mashine yao kimyakimya, isigongane tena na ile ya Belgradi, kisha akaenda kikaoni.

"Mzee, ulikuwa zamu au ulikuwa usingizini?" Ognjen, mkuu mpya, akamuuliza Milisav.

"Nilikuwa macho, haki ya Mungu. Iliandika nne!"

"Chumba kinachemka, wewe unaona nne. Ulikunywa glasi ngapi za rakija?"

Watu wakacheka, na wengine walikuwa wamekula naye miaka nenda miaka rudi. Milisav akageuka. "Dada Ljubinka, hebu waambie. Mashine ile haiwezi kukosea?"

Neno moja tu lingetosha.

"Nimeipima leo," akasema. "Iko sawa."

Milisav akafukuzwa siku hiyohiyo. Jioni Ljubinka alimkuta langoni, makoti yake mawili ya kazi mkononi, hajui aende upande gani.

"Dada, wewe unanijua. Ile nne niliiona, naiona hata sasa. Mama yangu naye alianza hivihivi, akawa anaona visivyokuwepo, mwisho hata mimi hakunijua." Akajigusa paji la uso. "Ndiyo imenianza, sivyo?"

"Kapumzike, kaka," Ljubinka akasema.

"Ahsante. Afadhali wewe umeniambia ukweli. Hawa wengine wananificha."