Kioo cha Ekiru na Ulimi wa Nasike

Kakuma nzima ilijua ukali wa pombe ya Nasike, isipokuwa ofisi ya leseni za pombe kule Lodwar. Mjane huyu alikuwa amepika pombe ya mtama kwa miaka ishirini, na kipimo chake kilikuwa ulimi. Siku ya kwanza alionja maji ya kimea yakiwa matamu. Siku ya tano alionja tena. Utamu ukipungua nusu, hiyo ni ya wazee. Ukiisha kabisa, ni ya wenye vichwa vigumu. Ulimi huo ulisomesha watoto wanne.

Sasa ofisi ikadai barua ya ruhusa, na bila barua, jiko lizimwe. Akatumwa Ekiru kutoka Lodwar, mzaliwa wa Lorugum, amevaa koti zito kwenye jua lile, na semina ya siku tatu imemjaa kichwani. Alibeba kijiti cha kioo cha kupimia pombe, chenye namba, kinachoelea ndani ya kinywaji.

"Ejok, Mama," alisalimu Ekiru.

"Ejok, mtoto yangu."

Palikuwa na mitungi miwili: mmoja wa kimea kilichochujwa asubuhi ile, mwingine wa siku tano. Ekiru akatumbukiza kioo katika ule wa asubuhi. Kikaelea juu kabisa, kwenye namba kubwa. Akaruka nyuma.

"Mama, kilevi hiki ni sumu! Mwaga!"

Katika ule wa siku tano kioo kikazama hadi karibu na sifuri. "Hii safi. Haina kilevi."

"Mtoto yangu, hiyo kioo inaona sukari," alisema Nasike. "Hii ya leo sukari iko mingi, bado haijageuka. Hii ingine imegeuka yote. Unapima mwanzo, unapima mwisho. Sukari ile imepotea, ndiyo inalewesha. Onja!"

"Nimeokoka, Mama. Na sayansi haionji."

Kimea kikamwagwa mchangani. Mbuzi wakakilamba na kwenda zao bila kuyumba hata mmoja. Nasike alitamani kulia kwa hasira. Lakini ule mtungi mwingine ukapewa barua yenye mhuri: kinywaji cha kimea, hakina kilevi, kinafaa rika zote.

Wiki iliyofuata, ofisi ya Lodwar ilifanya hafla ya kufunga semina ya kupinga ulevi. Ekiru akaagiza mitungi mitatu ya kinywaji chake safi. Nasike akaileta kwa pikapu, akasema mlangoni, mbele ya watu wote: "Ekiru, hii iko kali." Ekiru akacheka, akamwonyesha mhuri.

Alikunywa vikombe vinne. Aliposimama kutoa neno la shukrani, alimshukuru Mungu, akamshukuru mkubwa wake, akakishukuru kipaza sauti. Kisha akamlilia ng'ombe aliyekufa zamani katika zizi la baba yake, akavua koti na kuanza kuruka edonga, ngoma ya kwao, peke yake. Mkubwa wake angemkemea, ila naye alikuwa bado anautafuta mlango.

Barua ya Nasike ingali ukutani. Ili ifutwe, ni lazima sababu iandikwe, na wa kuiandika ni Ekiru.