Nguzo ya Simu Ndani ya Ua

Juzi nilikuwa barazani kwa Liwali wetu hapa Bagamoyo, nimekaa mbele kabisa, maana kesi bila mimi haichangamki. Mwuza maji alimshitaki jirani yake: ua wake wa makuti umekula njia ya watu wote, punda mwenye madebe hapiti, na punda asipopita wanawe hawali.

Jirani akaweka mkono kifuani. "Wallahi, Bwana Liwali, ua huu nimeurithi kwa marehemu baba. Sijausogeza hata shubiri."

Liwali akatuchukua sote kwenda kutazama. Mimi ndiye niliyeiona kwanza, waulizeni: nguzo ya simu ya serikali, imesimama ndani ya ua, karibu na jiko, imefungwa kamba ya kuanikia kanga.

"Na hii pia umeirithi?"

Jirani akaitazama kutoka chini hadi juu. "Bwana, hata mimi nashangaa. Imeingia lini?"

"Basi itoe leo. Ukishindwa, toa ua."

"Nipe hadi kesho, Bwana, nijaribu."

Hakupewa. Adhuhuri haijaadhiniwa, punda akapita. Na jioni ile, mtaani kwetu, nyua kadhaa zilirudi nyuma bila kushitakiwa na mtu.