Ndoto Iliyotafuta Mwenyewe

Gwak Malsuk alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakufundishwa na mtu: aliwaotea watu watoto wao. Kumenya persimoni, yale matunda mekundu ya kuanikwa, alifundishwa, kupika alipigiwa kelele na mama mkwe hadi akajua, lakini ndoto zilimjia zenyewe, kama paka wa jirani anavyoijua nyumba yenye samaki. Pale mjini kwao Sangju walikuwepo watoto wasiopungua ishirini ambao Malsuk aliwaona kabla mama zao hawajatapika hata mara moja. Mmoja alimjia kama nguruwe akisukuma mlango kwa pua. Mwingine alikuwa samaki mwekundu kwenye ndoo ya maji. Mwingine alikuwa mwezi, na mwezi wenyewe ulishuka taratibu ukakaa kizingitini kama mgeni anayesubiri kuambiwa karibu.

Kwao ndoto ya mimba si lazima aiote mwenye mimba. Huiota bibi, shangazi, hata jirani asiyependwa. Akishaiota, kazi yake ni kulitafuta tumbo lenye ndoto hiyo na kuifikisha, kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake. Mtoto akikua husimuliwa. Ndiyo maana mtu mzima ukimwuliza aliotwaje, anakujibu hapo hapo, kana kwamba umemwuliza jina la baba yake.

Goti lilipoanza kumsumbua, akawa hawezi tena kuzunguka nyumba kwa nyumba na ndoto zake, Malsuk alifungua kundi kwenye simu, akaliita Kijiji cha Ndoto. Alidhani watakuja wanawake kumi. Miaka tisa baadaye walikuwa elfu mbili, kila mmoja na jina lake la kundini: Chura wa Jade, Dada Boga, Ngazi Tisa. Wakaitana dada na mdogo wangu, wakasimuliana mishono ya uzazi na waume wavivu, mambo ambayo hata ndugu wa tumbo moja huoneana aibu kuyasema.

Msaidizi wake alikuwa Mama Tae-o wa mji wa Daegu, mwanamke mwenye mdomo kama mkasi. Mkasi huo ndio uliotunga sheria ya mlangoni. Kwenye kitambulisho cha kila mtu kuna tarakimu moja inayosema aliandikishwa mwanamume au mwanamke: moja ni mwanamume, mbili ni mwanamke. Anayetaka kuingia Kijijini afunike namba zote kwa kidole, aiache ile mbili peke yake, apige picha, atume. Waliokuwa ndani tangu zamani hawakuulizwa kitu.

Mmoja wa hao wa zamani aliitwa Ukungu. Aliishi kisiwani kusini, ndilo pekee walilolijua. Kila ndoto ya mtoto wa kike ilipoandikwa, wa kwanza kuitikia alikuwa yeye, na maswali yake madogo madogo. Ua lilikuwa na harufu? Ulilichuma kwa mkono upi? Pete ilikuwa ya baridi au ya moto? Mwotaji akijibu, ndoto aliyoileta imekunjamana kama nguo ya jana hunyooka, ikang'aa, mwenyewe akashangaa kumbe aliota vizuri hivyo. Na mama yake Malsuk alipofariki, Ukungu alimwandikia kila asubuhi kwa siku arobaini na tisa, mpaka roho ya marehemu ilipomaliza safari yake, kama wanavyoamini kwao. Siku nyingine alileta neno moja tu: umekula? Wana wa Malsuk mwenyewe walipiga simu mara tatu.

Mwezi wa kumi na mbili, matunda yameshamenywa yote na kuning'inizwa bandani kama mapazia mekundu, Malsuk alijilaza baada ya chakula cha mchana kwenye sakafu iliyopashwa moto kwa chini. Nje theluji ilikuwa inaanguka bila haraka. Akaota yuko kwenye shamba asilolijua, jeupe mpaka mwisho wa macho, bila unyayo wa mtu. Katikati ya weupe huo kulikuwa na pichi moja, tunda la manyoya laini, imeiva, imekaa juu ya theluji bila kuiyeyusha wala kuganda. Hakukuwa na mti. Akainama, akaikuta ina joto kama yai lililotoka tu kwa kuku. Akaifunga kwenye sketi yake, akaanza kutembea, na kila alipofika kwenye mlango hapakuwa na nyumba nyuma yake.

Aliamka anajua mambo mawili: ni mtoto wa kike, na si wake. Yeye alikuwa na miaka hamsini na nane.

Akampigia mkwewe, Haryeong, mke wa mwanawe Gyutae. Hao wana miaka minne ya ndoa na hakuna kitu. Haryeong alimsikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu, kisha akajibu, maana ana ulimi pia.

"Mama, tumbo langu si stendi, kwamba kila abiria wako lazima ashukie kwangu."

Malsuk alijua amekosa, akaomba radhi kwa namna yake, yaani alimtumia persimoni kavu kasha zima bila maelezo. Akauliza mpwa, akauliza binti wa jirani, akauliza muuza tofu. Hakuna. Wiki mbili ndoto ikamkaa miguuni kama mtoto anayedai kubebwa. Ndipo akamkumbuka Ukungu. Miaka minane yumo kundini, umri arobaini na moja, hajawahi kutaja mtoto, na kila siku anashangilia wa wenzake. Malsuk akaona njia nyeupe. Hakumwandikia faraghani, kwa sababu habari njema huko kwao husemwa kwa sauti. Aliandika mbele ya wote elfu mbili: pichi ni ya Ukungu wetu, mdogo wangu nenda ukapimwe.

Pongezi zikamiminika. Dada Boga alituma picha ya soksi ndogo alizofuma. Ngazi Tisa alimkataza kunyanyua vitu vizito. Hata Mama Tae-o aliandika ale vizuri, asijifanye jasiri. Jioni Ukungu akaandika.

"Dada zangu, asanteni kwa pongezi. Sina mimba na siwezi kuwa nayo. Nilizaliwa nikaandikishwa mvulana, na kwenye kitambulisho changu tarakimu ni moja. Mimi ni mwanamke, na nimeishi hivyo miaka kumi na mitatu. Sikumdanganya mtu kwa neno, ila nilinyamaza, na najua kunyamaza nako kunauma. Mkisema nitoke nitatoka. Naomba siku tatu tu, nizinakili ndoto za mabinti."

Kijiji kikazuka, wote kwa pamoja, kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe. Mama Tae-o alimpigia Malsuk moja kwa moja. Alisema sheria ni sheria, tarakimu ni tarakimu, na kwamba watu wamemwanikia yule mtu matumbo yao. Wa kumtoa ni mmoja tu, mwenye kundi. Bonyeza hapo, akasema, yaishe.

Malsuk hakubonyeza, wala hakukataa. Kusema kweli aliumia. Alijiona kama mtu aliyelisimulia dirisha siri, kumbe nyuma yake kuna mtu. Akakaa bandani chini ya mapazia ya persimoni, amevaa miwani, akaanza kuzisoma upya jumbe za Ukungu za miaka minane. Alizichambua kama mchele, anatafuta jiwe. Siku ya kwanza hakulipata. Ya pili pia. Hakuna mahali Ukungu alisema mimba yangu, mume wangu, uchungu wangu. Palipokuwa na mishono ya watu, alikuwa ameuliza kama imepona. Palipokuwa na mtoto aliyetoka kabla ya wakati, alikuwa amekaa na mama yake kwa maneno mpaka asubuhi, wakati wengine, Malsuk akiwemo, walishatuma picha ya ua moja na kwenda kulala. Mwanga ulipita kati ya matunda ukawa mwekundu kwenye miwani, kwenye vidole, kwenye simu. Alisoma mpaka akawa haoni tena herufi, anaona tu mtu amekaa mahali, peke yake, anauliza ua lilikuwa na harufu gani.

Siku ya tatu alimwomba namba, akampigia. Hawakuwahi kusikilizana sauti. Ya Ukungu ilikuwa nzito kidogo na ya taratibu, na nyuma yake upepo wa bahari ulivuma.

"Mbona hukuniambia?" Malsuk aliuliza.

"Ungeniruhusu kukaa?"

Malsuk ana dhambi zake, lakini uongo wa papo kwa papo haumo. "Nisingekuruhusu."

"Basi ndiyo sababu, dada."

Malsuk alikuwa amejiandaa kugombana na mwongo, sasa hana wa kugombana naye, na hilo lilimkera zaidi. Akauliza, kwa ukali ambao hakuukusudia, ndoto za mabinti wa watu anazinakili za nini.

"Za kusoma. Kila mtu anayo yake. Mama aliniotea fahali mweusi, ndoto ya mvulana, dada, ukoo mzima ukafanya karamu. Nilipomwambia mimi ni nani, alisema yule wa fahali ndiye mwanawe. Wewe sijakuota, akasema, na nisiyemwota simjui. Hajanifungulia mlango tangu hapo. Sasa nazisoma za wengine, nione binti anavyokuja."

Malsuk akaliona tena lile shamba jeupe lisilo na unyayo, tunda lililokaa peke yake bila mti, na milango yote ile isiyo na nyumba. Miaka yote amepeleka ndoto matumboni, akadhani hakuna mahali pengine pa kuzipeleka. Goti lilimuuma, akasimama hivyo hivyo.

"Nimekuota mimi," alisema. "Nimekuota, mjinga wewe. Wiki mbili natembea na wewe kwenye sketi yangu nikibisha hodi kwenye matumbo ya watu."

Ile sauti nzito ikauliza, kama ilivyozoea kuuliza, kama pichi ilikuwa na manyoya yake bado, na aliiokota kwa mkono upi. Malsuk akajibu kila swali. Akamwuliza jina lake la nyumbani. Danbi, akasema, alijipa mwenyewe, maana hakukuwa na wa kumpa.

Jioni ile Malsuk aliandika Kijijini, kwa makosa ya herufi kama kawaida yake. Alisema kosa la kwanza ni lake, kumtangaza mtu hadharani bila kumwuliza. Alisema ndoto imepata mwenyewe: ni Ukungu, binti aliyechelewa, na aliyeiota ni yeye Malsuk, hatabishana na mtu kuhusu kitu alichokishika kwa mkono wake. Sheria ya tarakimu ameifuta. Kuanzia sasa anayebisha hodi ataulizwa aliotwaje, au kama hajui, anatamani angeotwaje. Asiyeridhika mlango haujafungwa, hata wa kutokea.

Watu mia moja na sitini walitoka usiku huo na kesho yake. Wengine walimtukana kwanza. Haryeong, ambaye hakuwahi kuandika neno kundini tangu aingie, aliandika: huyu mama yangu akishaota hasikii, bora mkubali tu. Mama Tae-o alitoka na wale waliotoka. Wiki tatu baadaye alirudi kimya kimya, bila salamu, akatafsiri ndoto ya nguruwe ya mtu mmoja wa Busan, akaikosea, Ukungu akamsahihisha, wakabishana mpaka saa ya chakula. Hakusema amekubali. Alimwita tu "wewe mdogo wangu usiyesikia," na Malsuk, anayezijua njia za mkasi huo, aliridhika.

Ndoto haitolewi bure. Isipolipiwa hurudi kwa aliyeiota. Danbi alilijua hilo. Lilikuja kasha kutoka kisiwani, bapa na refu, ndani mwani mkavu wa majani mapana, ule wanaopikiwa wazazi wakishajifungua, na ambao kila mtu huunywa kwa supu kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa. Hapakuwa na barua. Malsuk alilowesha majani mezani, yakafunguka polepole majini, meusi yakawa ya kijani, jiko zima likanuka bahari ambayo Sangju haina.

Mumewe alikaa mbele ya bakuli, akauliza ni siku ya kuzaliwa ya nani.

"Ya binti."

Mzee alifikiri wanawe wote, akakuta hana binti. Akanywa kijiko kimoja.

"Ana miaka mingapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Uchungu wa muda mrefu huo, Mama Gyutae," akasema, akasogeza bakuli aongezewe.