Moyo Wangu Haukuguswa

Nakiri kabla sijafa: sikupasuliwa moyo. Nimepasuliwa busha.

Naandika nikiwa na hasira mpaka mshono unauma.

Kumbe mwanangu Hamadi katangaza msikitini kwamba baba kapasuliwa moyo! Tangu asubuhi watu wanamiminika hapa nyumbani Ngamiani kuniomba radhi, kana kwamba naaga. Dada yangu katoka Moa, kanililia mpaka shuka limelowa. Mimi nakunywa uji, namtazama.

Nikamwita Hamadi. "Umewaambia nini watu?"

"Nimekusitiri, baba. Mwandishi mzima wa vitabu, nitamke busha mbele ya jamaa?"

Kunisitiri! Nusu ya wazee waliojaa chumbani wanavaa kanzu pana kwa sababu hiyo hiyo.

Akaingia jirani yangu, Mzee Kombo. Macho yamelowa.

"Sheikh wangu, niwie radhi kabla..."

"Kombo, sifi! Ni busha, na limeshatolewa."

Hamadi akatoka nje.

Wageni walipoondoka, Kombo alibaki. Akasogeza kiti taratibu, akaninong'oneza, "Uliumia sana?"

Miaka yote hii tunakaa baraza moja, naye kalibeba lake kimya. Nami nilimficha langu.

Hasira ikanipanda upya.

Mshono ukipona, nampeleka Kombo hospitali. Nawe unayesoma hapa huku umekaa upande, niandikie, twende sote.

Hamadi atatupeleka. Na safari hii, msikitini atangaze sawasawa.