Samaki wa Ushahidi

Miaka ile viwanda vya minofu vilipochipuka Mwanza na kila mtu akageuka mfanyabiashara wa sangara, wako waliovua kwa sumu. Mimi nilikuwa msaidizi katika maabara iliyopima vielelezo vya polisi. Mkuu wangu alikuwa mzee mpole, mkaidi kama punda. Nilimpenda sana, ila si wiki ile.

Askari alifika kutoka ng'ambo ya kivuko na samaki wa mama mmoja aliyeshukiwa kuuza samaki wa sumu. Mzee akafungua kifurushi. Samaki walikuwa wamebanikwa wakabanikika.

"Nimewakausha, mkuu, wasioze njiani," askari akasema. "Nimetia na chumvi kidogo."

"Ungeleta na ugali," Mzee akamjibu. Kisha akamweleza taratibu kwamba baada ya moto na chumvi hawezi kuapa mahakamani kuwa wana sumu, wala kuwa hawana. Samaki wenzao wa mtumbwi uleule walikuwa bado kwenye barafu ya wanunuzi. Arudi mwaloni, kule ufukweni samaki wanakoshushwa na kuuzwa, awafunge mbele ya mashahidi, agonge lakiri.

Nikasoma jina kwenye fomu. Alikuwa mama yangu mdogo, aliyenilea.

"Mzee, yuko mahabusu. Andika tu hawana sumu. Mimi namjua."

"Ndiyo maana utakaa stoo mpaka nimalize."

Nilikaa stoo siku sita, nikiosha chupa zilizokuwa safi tayari. Nilikataa kumchemshia chai. Akachemsha mwenyewe, akaniletea na mimi kikombe, sukari nyingi kupita kiasi. Nikakinywa kwa hasira.

Majibu yakatoka: hawana sumu. Mama mdogo akaachiwa, nikamsindikiza mwaloni siku ya kwanza aliporudi kuuza. Wanawake walilizunguka beseni lake, hakuna aliyenunua. Mmoja akauliza walichokuwa wanakiwaza wote: "Si mwanao ndiye anayepima huko?"

Yule askari wa samaki wakavu, aliyekuwa akipita, akasimama.

"Huyu? Nilipopeleka samaki wa pili nilimkuta amewekwa stoo. Hata mlango wa chumba cha kupimia hakuukaribia. Na mimi nilirudishwa na kitoweo changu."

Wakacheka. Yule aliyeuliza akainama, akafunua shavu la sangara mmoja, akalikagua, akachukua wawili. Nililia palepale mbele ya watu, na Jumatatu nilimchemshia Mzee chai kabla hajavua koti.