Mkono Nje ya Dirisha

Siku yangu ya kwanza kazini, Temeke, nilikabidhiwa kiti na kompyuta, nikaambiwa nitengeneze foleni. Vijana mtacheka, lakini ndiyo kazi yenyewe: kabla barabara haijapanuliwa, tunayaiga magari yake kwenye kompyuta tuone yatakavyokwenda. Kinachosumbua zaidi ni kuhama njia, yaani gari kutoka mstari mmoja kuingia mwingine. Programu yetu, iliyotoka ng'ambo, ilikuwa na adabu zake: gari husubiri mwanya wa kutosha, lisipoupata halihami.

Nikaiingiza Barabara ya Pugu, upande wa Gongo la Mboto. Magari yakasubiri mwanya hadi kila kitu kikasimama. Mhandisi Mkuu, mtu mkali asiye na maneno mengi, akaamua iongezwe njia ya tatu. Njia hiyo ingepita palipojengwa maduka. Duka la vitambaa la Mzee Salum, alilorithi kwa babu yake aliyetoka Uarabuni, likachorwa alama nyekundu ya X ukutani, tayari kwa kubomolewa.

Nilikwenda kuhesabu magari, nikasimama kibarazani kwake. Foleni ilikuwepo, ila ilisogea, na hakuna aliyekuwa akisubiri mwanya. Dereva anayetaka kuhama njia anatoa mkono dirishani, anaupunga taratibu kuelekea chini. Wa nyuma, naye ana haraka zake, anapunguza mwendo, mwenzake anaingia. Honi fupi ya asante, wameachana. Nilikuwa nimepita pale miaka yote bila kuliona jambo hilo.

Nikamweleza mkuu kwamba programu yetu haina mkono.

“Mwanaidi, hiyo ni hisani tu,” akasema. “Hisani utaiwekaje kwenye kompyuta?”

“Tuipime, mkuu, kama tunavyopima mwendo. Wangapi wanaomba, wangapi wanapewa.”

Tukapima. Waliopewa njia walikuwa wengi kuliko nilivyothubutu kukisia. Nilipoiingiza hisani ile, foleni ya kwenye kompyuta ikaanza kutembea kama ya kweli. Mkuu alivuta kiti, akatazama hadi chai yake ikapoa. Kisha akaifuta njia ya tatu.

Baadaye nikahamishiwa Kinondoni, nikafundisha wengine, nikastaafu. Hadi leo sijui kwa nini mtu mwenye haraka ampishe asiyemjua, ambaye pengine hatamwona tena maishani. Mimi niliweza kuhesabu tu.

Mzee Salum, japo umri umekwenda, bado anauza vitambaa. Husema duka lake liliponywa na dua. Nami, kwa yale niliyoyaona pale barabarani, sithubutu kumbishia.